Sadaka ya Mti Huanza Lini?

Mvua za Gu na Deyr zinapokaribia, Garissa haikosi watu wa kupanda miti bila malipo. Ni vijana wa bula (mtaa) moja, akina mama wa chama, walimu na wanafunzi wao, au waumini wa msikiti waliokubaliana kuwa na bustani ya pamoja. Wanachimba mashimo kwenye ardhi kavu, wanatia samadi ya mbuzi, wanapanda mwarobaini uani mwa shule, mwembe nyuma ya zahanati, mpapai kando ya msikiti. Ukiwauliza kinachowasukuma, wengi watatanguliza dini kabla ya mazingira: mti ni sadaka yenye kuendelea, na aliyeupanda huandikiwa thawabu hata akiwa kaburini. Naiheshimu imani hiyo na naamini ni ya kweli. Kwa sababu hiyo hasa, kuna swali ambalo katika nchi ya ukame halikwepeki. Sadaka hiyo huanza lini? Je, ni pale mche unapotiwa shimoni, dua ikasomwa na picha zikapigwa? Au ni baadaye, kiumbe fulani anapopata kivuli, tunda au jani kutoka kwake? Na kama ni baadaye, yule anayebeba jerikeni la maji kila jioni, miezi minane baada ya sherehe kusahaulika, ana nafasi gani katika sadaka hiyo? Rai yangu ni kwamba kupanda ni kutoa ahadi, na ahadi hiyo hutimizwa kwa maji. Kikundi kinachopanda bila kupanga utunzaji kimeahidi sadaka, bado hakijaitoa.

Tuanze na dalili yenyewe. Hadithi aliyoipokea Anas bin Malik, ambayo imo katika Bukhari na Muslim, inaeleza kwamba Mwislamu akipanda mti au mmea, kisha ndege, mtu au mnyama akala humo, basi hilo huwa sadaka kwake. Wahubiri huitaja kama hoja ya kupanda, na ni haki yao. Lakini sadaka hapo haikufungwa na jembe. Imefungwa na kula. Kati ya jembe na kula kuna muda, na waliosikia maneno hayo kwa mara ya kwanza walijua muda huo ni mrefu kiasi gani. Ansari wa Madina walikuwa wakulima wa mitende. Chipukizi la mtende huchukua miaka kadhaa kabla ya kuzaa, na miaka hiyo yote linataka maji ya kisima yanayotekwa kwa jasho la mtu na la ngamia. Hakuna aliyehitaji kuwaambia Ansari kwamba mti hutunzwa, kwa maana kwao jambo hilo lilikuwa ndani ya maana ya kupanda. Sisi ndio tuliovitenganisha vitu hivyo viwili, tukakipa kimoja siku maalumu na mgeni wa heshima, tukakiacha kingine bila mwenyewe. Majirani zetu Wakristo wa Garissa watakuta jambo lilo hilo katika kitabu cha Mwanzo, ambamo Adamu anawekwa bustanini kwa kazi mbili, kulima na kulinda, wala si kwa ile ya kwanza pekee.

Nchi yenyewe inatoa ushahidi wake. Garissa hupata mvua ya milimita 300 hivi kwa mwaka, nayo haina ahadi. Kuanzia mwisho wa mwaka 2020 misimu mitano mfululizo ilikosa mvua ya kutosha, na mifugo zaidi ya milioni 2 ikafa nchini Kenya, sehemu kubwa katika kaunti za kaskazini. Kisha mwisho wa 2023, na tena Aprili na Mei 2024, Mto Tana ukafurika, ukameza mashamba ya ndizi na mapapai kandokando yake na kuikata barabara ya Madogo. Katika mazingira kama haya mche wa shubiri mbili hauwezi kuachiwa ujitegemee. Mwarobaini unasifiwa kwa ustahimilivu wake, na sifa hiyo ni ya haki, lakini ni sifa ya mti ambao mizizi yake imekwisha kushuka. Kabla ya hapo, Jilaal moja ya jua kali kuanzia Januari hadi Machi yatosha kuumaliza. Tarehe 13 Novemba 2023 serikali ya Kenya ilitoa siku nzima ya mapumziko ili wananchi wapande miche milioni 100, sehemu ya mpango wa miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032. Ni azma kubwa na njema. Hata hivyo, idadi ya miche iliyopandwa inaweza kutangazwa jioni ya siku ileile, ilhali idadi ya iliyoshika hujulikana baada ya miaka mitatu au minne, na mara nyingi wakati huo hakuna anayeuliza.

Mfano unaonishawishi kuliko yote katika bara letu unatoka Niger. Kwa miaka mingi wilaya za Maradi zilipandwa miche iliyoletwa kwenye malori, na mingi ikafa. Katika miaka ya 1980 Tony Rinaudo, mmisionari kutoka Australia, pamoja na wakulima wa huko waligeukia visiki vilivyokuwa vikichipua vyenyewe mashambani: wakachagua machipukizi machache, wakayapogoa, wakayalinda yasiliwe wala kukatwa kwa kuni. Tangu hapo takribani hekta milioni 5 nchini Niger zimerudiwa na miti, na sehemu kubwa ya miti hiyo hakuna mtu aliyeipanda. Ikiwa thawabu ni ya kupanda tu, wakulima wale hawakutenda chochote. Naamini hakuna mwanazuoni atakayekubali hitimisho hilo. Ndege wanakula, mbuzi wanapata majani, mtama unakua chini ya kivuli, na vyote hivyo vimesababishwa na mtu aliyelinda kisiki kisikatwe.

Atasimama mtu na kusema: amali huhesabiwa kwa nia, na hadithi ya Umar juu ya hilo ndiyo inayofungua Sahihi ya Bukhari. Aliyepanda kwa ajili ya Mwenyezi Mungu amekwisha kuandikiwa, mche uishi usiishi. Ataongeza hadithi nyingine ya Anas, iliyomo katika Musnad wa Ahmad, inayomwamuru mtu ambaye Kiyama kimemkuta na chipukizi la mtende mkononi alipande akiweza. Mti huo hautaliwa na yeyote, na bado kuupanda kumeamriwa. Hii ni hoja nzito kuliko zote, na sidhani inajibika kwa kuikana. Ni kweli kwamba Mwenyezi Mungu hampotezei mtu jitihada yake kwa sababu tu matokeo hayakuja. Lakini aliyeshika lile chipukizi amefanya kila kilichobaki kufanywa, maana kesho yake imeondolewa. Sisi kesho hatujaondolewa. Mtu mwenye kesho, mwenye kisima umbali wa hatua mia mbili na majirani ishirini wa kupokezana zamu, hawezi kujipima kwa mtu wa saa ya mwisho. Nia ya kweli hutafuta njia zake. Isiyozitafuta imebaki kuwa tamaa njema. Wafugaji wa Garissa wanalielewa hili kuliko yeyote, kwa kuwa mafundisho ya Mtume kumhusu bedui aliyeuliza kama amfunge ngamia wake au amwache na kutawakali, akaambiwa amfunge kisha atawakali, yanahusu mnyama wanayeishi naye. Mche usiozungushiwa miiba ni ngamia asiyefungwa.

Na hapo panazuka pingamizi la mbuzi, ambalo nalipenda kwa sababu ni la kweli na la hapahapa. Ikiwa kinacholiwa na mnyama ni sadaka kwa mpandaji, na katika mapokezi ya Jabir hata kilichoibwa ni sadaka, basi mbuzi aliyeingia usiku akautafuna mche wote amemkamilishia mpandaji sadaka yake. Kwa nini tuhangaike kukata matawi ya miiba? Kwa herufi ya hadithi, nakubali: aliyefanyiwa hivyo hakupoteza, na hiyo ni faraja kubwa kwa kikundi kilichoamka asubuhi na kukuta shina tupu. Lakini ni faraja ya aliyepatwa na jambo, haiwezi kuwa mpango wa anayekusudia jambo. Mche ule ungemlisha mbuzi mmoja kwa tonge moja. Ungeachwa miaka sita, mbuzi haohao wangelala chini yake adhuhuri pamoja na mchungaji wao, wanafunzi wangesoma chini yake, ndege wangejenga juu. Mwenye kutoa tonge wakati angeweza kutoa kivuli cha miaka thelathini, na hakuna kilichomzuia ila uvivu wa kuweka ua, ana la kujiuliza.

Liko pia tatizo la mathenge, na hapa hoja ya nia njema inapata mtihani mkali zaidi. Mti huu wa asili ya Amerika uliletwa katika maeneo makavu ya Kenya katika miaka ya 1970 na 1980, Bura na Baringo yakiwamo, ili kuzuia jangwa na kuwapa watu kuni. Walioupanda hawakutaka ubaya. Leo umefunga njia na malisho katika sehemu nyingi za bonde la Tana. Mwiba wake hutoboa gurudumu la gari na kwato la ng'ombe, maganda yake yenye sukari huozesha meno ya mbuzi, na mbegu husafirishwa na samadi na maji ya mafuriko hadi mahali ambapo hakuna aliyezitaka. Wakazi wa Baringo walifikia kupeleka malalamiko yao mahakamani, na mbuzi aliyepoteza meno akapelekwa kama ushahidi. Wapo wanaotetea mathenge kwa makaa yake na chakula cha mifugo, na si uongo. Lakini tujiulize juu ya mpandaji wa kwanza. Ikiwa kila jani linaloliwa humwandikia sadaka, je, kila malisho yaliyozibwa hayamwandikii chochote? Siwezi kumhukumu aliyetenda kwa kutojua. Ninachoweza kusema ni kwamba kutojua kwake kulikuwa na muda: kwa miaka ya mwanzo mti ulikuwa mdogo, na mtu aliyerudi kuuangalia angeona unavyosambaa. Utunzaji kumbe hauishii kwenye maji. Una macho pia. Humrudisha mpandaji kwa alichokipanda, na wakati mwingine humlazimisha kukishikia panga. Katika makazi ya hirola, yule swala adimu wa Garissa ambaye idadi yake porini haifiki hata 500, utafiti wa mwanasayansi mzaliwa wa eneo hilo, Abdullahi Hussein Ali, umeonyesha kwamba miti imeongezeka mahali palipokuwa pa nyasi na kumnyima mnyama huyo malisho. Kazi ya kujitolea huko ni kupanda nyasi na kupunguza miti. Mwenye kuhesabu miti tu hatakuwa na jina la kuipa kazi hiyo, ilhali kwa kipimo cha nani anakula, ni sadaka isiyo na shaka.

Pingamizi linalouma zaidi ni la maji. Desemba 2021 dunia iliona picha ya twiga sita waliokufa katika hifadhi ya Sabuli, Wajir, wakiwa dhaifu kwa kukosa chakula na maji, wamenasa kwenye tope la bwawa lililokuwa likikauka. Katika mwaka kama huo, mtu anayemimina lita 5 kwenye shina la mwarobaini anaweza kuulizwa kwa haki: kuna mama anayenunua maji ya mkokoteni wa punda, nawe unanywesha mti? Fiqhi haimwachi bila jibu. Watu ni washirika katika maji, malisho na moto, yasema mafundisho ya Mtume, na wanazuoni wakapanga zamu: kiu ya binadamu kwanza, kisha kiu ya mnyama, kisha ndipo umwagiliaji. Mti uko mwisho wa foleni. Kikundi cha bustani kinachochota kisimani mbele ya ndoo za watu hakitoi sadaka, kinadhulumu, na hilo lisemwe bila kumung'unya maneno. Kwa hiyo mti wa Garissa unapaswa kulelewa kwa maji ambayo binadamu amekwisha kuyatumia, na hayo yapo, tena kwenye kila msikiti mara tano kwa siku. Simama kwenye safu ya mabomba ya kutawadhia baada ya adhana ya Alasiri. Maji yanapita viganjani, viwikoni, yanashuka miguuni, yanaingia kwenye mfereji mwembamba wa saruji na kupotelea shimoni. Tuseme waumini ni mia moja na kila mmoja anatumia lita 3: hizo ni lita 300, jerikeni 15 za lita 20, kwa sala moja. (Mtume mwenyewe alitawadha kwa mudi moja, isiyofika lita nzima, kwa hiyo kuna israfu humo ambayo nayo ni mada ya khutba.) Katika madhehebu ya Shafii yanayofuatwa Kaskazini Mashariki, maji yaliyotumika kwa udhu wa faradhi hayatoharishi tena, lakini yenyewe ni safi. Hayawezi kumtawadhisha mtu mwingine, na hakuna kinachoyazuia kumwagiliwa mti. Kinachohitajika ni mtaro wa upana wa jembe kutoka kwenye mfereji hadi mstari wa miche. Kwa mche ulio mbali, chupa ya plastiki ya lita moja na nusu, ikitobolewa kwa msumari wa moto karibu na kitako na kufukiwa wima kando ya shina, hudondosha maji penye mizizi siku nzima, badala ya kuyaacha yaliwe na jua juu ya mchanga. Mambo haya madogo hayaonekani kwenye picha ya sherehe, lakini ndiyo yanayoamua kama kuna sadaka au hakuna.

Ardhi nayo ina haki zake. Sheria ya Kiislamu humpa mtu umiliki wa ardhi mfu aliyoihuisha, na kwa mfugaji kanuni hiyo inatisha, maana eneo ambalo mgeni analiona tupu ndilo atakalolihitaji akihama na wanyama wake miezi minne baadaye. Mstari wa miche wenye ua wa miiba unaweza kugeuka mpaka. Malka, zile njia za mifugo kuteremkia Tana, zimekuwa chanzo cha magomvi kila zinapozibwa na mashamba. Anayepanda juu ya malka amezuia wengi kunywa ili wachache wale, na siamini hata mwembe wenye matunda matamu unaweza kulisafisha hilo. Ndiyo maana naona vikundi vinavyobaki kwenye nyua za shule, hospitali, soko na misikiti vimechagua vyema: pale ardhi tayari ni ya umma, mtunzaji yupo karibu, na kivuli hakimfukuzi mtu.

Wengine husema kazi hii ni ya serikali, na kujitolea kunaipa serikali kisingizio. Katiba ya 2010, kifungu cha 69, kweli inaipa dola jukumu la kufikisha miti kwenye asilimia 10 ya nchi. Kifungu hichohicho kinamtaka kila mtu ashirikiane nayo. Dai la haki linaweza kwenda pamoja na zamu ya jioni.

Lililobaki ni namna ya kuufanya utunzaji uwe na mwenyewe, na hapa dini imekwisha kutengeneza chombo tunachokihitaji. Watu wa Lamu na Mombasa wanajua wakfu wa visima, misikiti na mashamba ya minazi. Katika fiqhi ya wakfu mapato hutumika kwanza kuutengeneza na kuuhifadhi wakfu wenyewe, kisha ndipo wanufaika wapewe; na huwekwa mtawalli anayewajibika kwa hilo, ambaye akifa au akihama hurithiwa na mwingine. Wanazuoni walijua tangu zamani kwamba sadaka isiyo na mtunzaji hufa kabla ya aliyeitoa. Hakuna kinachozuia kikundi cha bustani Garissa kuweka wakfu mistari mitatu ya miarobaini kwa ajili ya shule, kikaandika majina ya wenye zamu, kikamteua mtawalli, na kikatenga sehemu ya mchango kwa ajili ya miiba, chupa na mtaro kabla ya kununua mche hata mmoja. Vijana wataondoka kwenda Nairobi kutafuta kazi. Zamu itabaki kwa jina la nafasi. Mche ukisombwa na Tana, kikundi hakidaiwi kitu. Ukifa kwa sababu hakuna aliyefika kuuangalia tangu siku ya kupandwa, kikundi kina deni la mche mwingine, na deni hilo lisomwe kwenye mkutano wao kama yanavyosomwa madeni ya fedha. Kikundi kisicho na watu wa kuchukua zamu hizo kingefanya vyema kupanda miti mitatu badala ya mia tatu, na imamu angefanya vyema kuwaombea dua ileile.